Kaa Hapa, Nionyeshe

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu, na kila nikilitamka neno hilo mtu hucheka, hasa wale waliostaafu kweli. Lakini Mama Njoki, mwenye duka, amesema mtu aliyechoma vidole vyake miaka kumi na moja kwenye meza ya kutengenezea simu ana haki ya kustaafu kuliko aliyekaa ofisini maisha yake yote akingoja chai ya saa nne. Sikumbishia. Ni mara chache sana mimi kukubali jambo bila kubisha, kwa hivyo na liandikwe.

Ninaandika kwa ajili yenu mnaobaki: wewe Brayo, uliyekaa meza ya pili tangu mwaka wangu wa tatu, na nyinyi wawili mlioanza juzi na bado mnaiogopa bloa, ile ya kupulizia hewa moto, kama nyoka. Nililipwa nini, hilo silisemi. Mnajua, na inasikitisha. Nitasema kuhusu kiti kile kifupi cha mbao kilicho mbele ya kaunta, ambacho nyinyi mnakiwekea mikoba. Nitasema pia jinsi Mama Awuor, muuza samaki, alivyokaribia kupoteza rafu yake katika chumba cha barafu kwa sababu mashine ilikataa kumjua. Mambo hayo mawili ni jambo moja.

Siku ya kwanza nilikuja na shahada ya kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, shati jeupe, na maswali. Mama Njoki hakuiangalia bahasha. Aliliangalia shati.

"Hiyo utaiaga leo," akasema, akanipa mswaki mkuukuu na kikopo cha thina ya kusafishia bodi za simu.

Mnamjua. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa msichana, akaanza kwa kuuza betri za redio, na sasa anaongea Kijaluo kwa lafudhi ya Kikuyu kiasi kwamba kila kabila linadhani analiiga. Hajasomea chochote cha umeme. Nilipomuuliza siku hiyohiyo alijifunzia wapi, alisema, "Kwa kuharibu." Nikaona nimefika chuo kikuu cha pili.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye kinu cha kusagia mahindi, Mzee Ouko. Akaweka simu kwenye kaunta. "Watu wanasema wanapiga. Kwangu hailii."

Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshaifungua. Parafujo hizi hapa, spika hii hapa, nikaipima, nikaiona nzima, nikaanza kushuku bodi, nikachomoa vitu ambavyo hadi leo sina uhakika nilivirudisha vyote. Mama Njoki alinitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Injinia," akasema, "hiyo simu imekukosea nini?"

"Hailii, Mama."

"Nani amesema?"

"Mwenyewe."

"Umemwona akiitumia?"

Akanipokonya, akaiunganisha tena kwa dakika tatu, akavuta kile kiti kwa mguu. "Mzee, kaa hapa. Nionyeshe vile unaitumia. Jifanye uko kazini."

Mzee Ouko akakaa. Akaitia simu katika mfuko wa dasti-koti lake la kazi, ndani kabisa, chini ya tambara la kupangusia. Kisha akaanza kuiga injini ya kinu kwa mdomo, maana aliambiwa ajifanye yuko kazini na yeye ni mtu mwaminifu. Alinguruma! Watu walisimama barabarani. Mama Njoki akampigia. Simu ililia vizuri kabisa, sisi wote tukaisikia, isipokuwa yeye.

"Ni nzima," Mama Njoki akasema. "Haikutengenezewa mtu wa kinu, basi. Weka itetemeke, uitie kwa soksi. Hapa, kwa mfupa wa mguu."

Mzee Ouko bado anaibeba kwenye soksi. Mimi nilienda nyumbani nikiwa na thina kwenye shati na hasira kwenye kichwa. Miaka minne chuoni, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyewahi kusema kwamba unaweza kukuta kifaa kizima na mtu mzima na bado kitu kimeharibika, mahali fulani katikati yao.

Tangu hapo kazi yangu ilikuwa kupatafuta hapo katikati. Mtasema ninajisifu. Labda. Lakini angalieni vyombo vilivyo mezani: bisibisi, koleo ndogo, bloa, chuma cha kuyeyushia risasi, miwani ya kukuzia. Vyote vinaangalia ndani ya simu. Ni kiti peke yake kinachomwangalia mwenye simu.

Sasa simu za Ahero. Kila mafuriko yakipanda uwanda wa Kano, siku nne baadaye tunapokea foleni. Watu wamesikia kwamba simu ikilowa uizike kwenye mchele. Sijui nani aliyetangaza habari hizo duniani. Ningependa kukutana naye. Watu wa Ahero wanalima mpunga, kwa hivyo wana mchele kuliko mtu yeyote aliyewahi kupewa ushauri huo, na wanatumia kile kilicho karibu: mpunga uliotoka shambani, wenye maganda, ambao nao umenyeshewa na mvua ileile. Simu inalala siku nne ndani ya gunia lenye maji kuliko yenyewe. Niliwahi kuchomoa kwenye tundu la chaji chembe ya mpunga iliyokuwa imeshaota. Ilikuwa na mzizi na jani dogo la kijani! Niliiweka kwenye kifuniko cha soda, nikaimwagilia maji, ikafika urefu wa kidole kabla Brayo hajaiua kwa thina. Brayo, sijakusamehe.

Mwenye simu hiyo aliniuliza kama anaweza kurudishiwa mmea.

Lakini tumcheke nani hapo? Simu ile iliuzwa madukani kote kando ya ziwa, mahali ambapo maji huingia nyumbani bila kubisha hodi, na tundu lake la chaji liko wazi chini kama mdomo wa samaki. Aliyeichora alikuwa akiishi wapi? Nilinunua daftari nikaandika juu yake: Hiki Kifaa Kilimfikiria Nani? Chini yake nikaanza kuandika kesi. Simu za akina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki aina ya mbuta baada ya minofu kuondolewa: tunazijua kwa harufu kabla hazijafika kaunta, na skrini zake zimejaa mafuta hata ukigusa "piga" unapata kamera. Laptopu ya mwalimu wa Awasi: kila alipounganisha intaneti kutuma karatasi moja ya mtihani, mashine iliona bahati yake imefika, ikajisasisha, ikala bando lote, ikajizima, ikajiwasha, kisha ikamkaribisha kwa furaha kama mgeni. "Madam," aliniuliza, "hii mashine ni yangu ama mimi ndio wake?" Nikaandika swali hilo kwa herufi kubwa.

Ili nisiwe mwongo, daftari lina kurasa za upande wa pili pia. Kuna bibi wa Obunga asiyejua kusoma, tulimwita Dani, yaani nyanya, ambaye mjukuu wake alimfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Anaanza kila ujumbe kwa salamu kamili na sala, kisha ananyamaza akingoja uitikie, kisha anakulaumu kwa kutoitikia, kisha ndipo anasema haja yake. Jumbe zake ni ndefu kama ibada. Hakuna mtu aliyekichora kifaa kile akimfikiria Dani, lakini kilimkaa kama kiatu cha kushonewa. Kwa hivyo sikusema kwamba vifaa ni vibaya, hata nilipokuwa na hasira. Nilisema tu kwamba hatujui mpaka mtu akae kwenye kiti.

Nilisema. Halafu nikasahau.

Mama Awuor anauza ngege na mbuta katika bichi moja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kusini mwa mji. Ni mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi, na alikuwa mteja wangu kwa miaka mingi kwa sababu kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, ilianguka ndani ya ndoo kila mwezi. Alikuwa akiibonyeza kwa dole gumba bila kuitazama, huku mkono mwingine ukiparua magamba. Hakuwahi kukosea namba. Mimi nikiandika ujumbe huku nikitembea najigonga kwa nguzo.

Bichi yao ilililia chumba cha barafu muda mrefu, na Mama Awuor ndiye aliyezunguka na barua ofisi hadi ofisi. Bila barafu, samaki ambaye hajanunuliwa kufika saa saba mchana anaanza kulegea macho, na mwenyewe anamwachia yeyote kwa bei ya huruma. Hatimaye mradi mmoja ukaja, ukajenga chumba chenye rafu kumi na mbili, kwa akina mama kumi na wawili. Rafu ya Mama Awuor ilikuwa ya nne kutoka mlangoni. Alinipigia simu kunieleza habari za rafu hiyo kama mtu aliyepata mtoto.

Ila kulikuwa na sharti. Kila mama alipewa tableti. Kila asubuhi, kabla ya kuweka samaki, aingie kwa alama ya kidole, aandike aina na kilo. Namba ya siri hairuhusiwi, ili mtu asimwandikie mwenzake. Majaribio ni wiki mbili, na atakayekosa siku saba, rafu yake inaenda kwa anayefuata kwenye orodha. Orodha ilikuwa ndefu.

Wakahitaji mtu wa kuwafundisha akina mama. Mtu mwenye shahada, anayejua Kijaluo, anayejua vifaa. Nikachukua ruhusa dukani nikaenda, kichwa juu.

Tulifundishia katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, vitambaa vyeupe mezani na mandazi. Akina mama walikuja na nguo za kanisani. Walikuwa wamesugua mikono kwa sabuni, wakaipaka mafuta, wameketi kama maharusi. Tukasajili vidole. Vyote vikakubali! Mama Awuor akaingia, akaandika "ngege, kilo ishirini", akatoka, akaingia tena kwa raha zake. Mimi nilipiga picha. Bwana Felix, afisa wa mradi, kijana wa rika langu mwenye viatu vinavyong'aa, alinipa mkono akasema ripoti itakuwa nzuri. Siku hiyo nzima mimi, niliyelelewa na Mama Njoki, sikumwambia mama hata mmoja anionyeshe kitu. Niliwaonyesha mimi.

Siku ya nne ya majaribio simu yangu ikalia.

"Adhiambo nyathina," ilikuwa sauti ya Mama Awuor, akiniita mwanangu kwa namna ya mtu anayekaribia kunipiga. "Hii kitu yako imenikataa."

"Imekataaje, Mama?"

"Siku nne! Inaniuliza mimi ni nani. Kwa bichi yenye nimezaliwa! Hata mbwa wa hapa wananijua."

"Osha mikono vizuri, Mama, uikaushe, ujaribu tena."

Nilisikia ndege na injini ya mtumbwi.

"Hii mikono nimeosha miaka thelathini," akasema. "Imeisha."

Mngedhani nilielewa. La. Nilimwambia atumie ndimu. Siku ya tano akatumia ndimu. Nikamwambia mafuta ya kujipaka, kama siku ya ukumbini. Siku ya sita skrini ikateleza kama sabuni, na bado ikamkataa. Akina mama wengine walikuwa wanabahatisha, leo inakubali, kesho inakataa. Yeye, aliyeparua samaki kuliko wote, haikumkubali hata mara moja. Siku sita alizokosa. Ya saba ilikuwa kesho.

Nilimweleza Mama Njoki huku nikitafuta maneno ya kitaalamu. Alikuwa anasugua kwa thina bodi ya simu ya mteja.

"Ulimwona akiitumia?"

"Nilimwambia akaushe mikono, kisha nikamwambia—"

"Sijauliza ulimwambia nini."

Akaonyesha kiti kwa mswaki. "Beba."

Asubuhi ya siku ya saba nilikwenda bichi nyuma ya pikipiki nimekumbatia kiti cha mbao. Mwendeshaji aliuliza kama nimefukuzwa na bwana. Nikamwambia bado ninatafuta wa kunifukuza. Niliogopa, lakini asubuhi ile ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata hofu ilikuwa na namna ya kucheka.

Mama Awuor alikuwa katikati ya kazi. "Kaa hapa, Mama, nionyeshe," nikasema, nikaweka kiti.

"Nikae na samaki watajiparua?"

Kwa hivyo nikakaa mimi. Na kwa mara ya kwanza nikatazama. Aliparua ngege, magamba yakaruka hadi kwenye nywele zangu. Akaosha mkono kwa maji ya ndoo, akaupangusa kwa leso iliyolowa tayari, akaichukua tableti. Jua lilikuwa mbele yake. Skrini ikawa kioo cheusi, akajiona uso. Akaikinga kwa kiwiko. Tone la maji likaanguka kwenye skrini kabla hajagusa chochote, na tableti, kwa akili zake, ikajifungulia kikokotoo ikaanza kuzidisha. Akaweka dole gumba. Ikatetemeka. Kidole hakitambuliwi, jaribu tena. Akajaribu tena. Alijaribu vyote kumi, kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayetambulisha watoto wake kwa mgeni.

Nililishika dole lake nikaligeuza kwenye mwanga. Hakukuwa na mistari; ile michache hafifu iliyosomwa ukumbini, kwenye mkono uliopumzika, kazi ya asubuhi moja ilikuwa imeimaliza. Miiba, barafu, magamba na kisu vilikuwa vimelifuta, likawa laini kama mgongo wa kijiko. Kifaa kilitaka mkono ambao haujafanya kazi, na kilikuja kuutafuta bichi!

"Unaona?" akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Walisema saa nne wanafunga kuandikisha. Ile rafu niliililia mimi. Barua zote nilibeba mimi."

Akakaa kwenye kiti hatimaye. Gambuti lake, lile buti la mpira, lilikuwa limeingia maji, akalivua alimwage. Mguu ukatoka, nami nikauangalia kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni. Ulikuwa mguu mwororo, msafi, uliokaa gizani ndani ya gambuti maisha yake yote ya kazi. Jirani yake, Mama Risper, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bure, akapaza sauti:

"Awuor! Si ujaribu na mguu! Huo ndio haujawahi kufanya kazi!"

Bichi ikacheka. Mama Awuor mwenyewe akacheka, machozi yakiwa palepale. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapiga magoti.

"Mama," nikasema, "lete dole."

"Lipi?"

"La mguu."

"Ai yawa! Mtoto amechanganyikiwa."

Nilikuwa na neno la siri la mkufunzi, la kusajili upya. Nikaweka tableti juu ya kreti iliyopinduliwa, nikaukausha mguu wake kwa sketi yangu, nikalibonyeza dole kubwa pale panapostahili. Ikaomba tena. Tena. Tena, kidogo upande wa kushoto. Mama Risper alikuwa anatangaza kila hatua kama mpira wa redioni. Ikakubali. Tukatoka, tukaanza upya. Mama Awuor akasimama kwa mguu mmoja, ameshika bega langu, akashusha dole lake kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga maji asiyojua kina.

Karibu, Awuor.

Sijui niwaeleze vipi ile kelele. Wavuvi walidhani mtu amevua mamba. Mama Awuor aliandika "ngege, kilo kumi na nane" kwa fundo la kidole chake, kisha akacheza, gambuti moja mguuni na lingine mkononi, akilipiga kama ngoma. Ilikuwa saa nne kasoro kitu. Kufika mchana, akina mama wote kumi na wawili walikuwa wamesajili madole. La Mama Risper la kulia lilikataa, tukatumia la kushoto, na hadi leo anasema la kulia halikupenda siasa.

Siku ya mwisho ya majaribio Bwana Felix akaja kukagua. Alikuta akina mama kumi na wawili wamesimama mstari mmoja, kila mmoja kwa mguu mmoja, kama korongo.

"Hii ni nini?" akaniuliza mimi.

Nikamweleza. Hakucheka. Alisema ripoti ilishaandikwa kwamba wanatumia mkono, kwamba rekodi hizi huenda zikafutwa, na kwamba zikifutwa, basi kwa hesabu yao Mama Awuor hakuingia hata siku moja. Niliona rafu ya nne ikiondoka. Nikafungua mdomo kubisha, kazi ambayo nimeisomea, lakini Mama Awuor alikuwa ameshakivuta kiti.

"Bwana Felix," akasema kwa upole wa kutisha. "Kaa hapa. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, Mama?"

"Vile inatumiwa. Wewe kidole yako iko ndani. Wewe ni msimamizi. Parua ngege mmoja, halafu uingie."

Angeweza kukataa. Namheshimu kwa sababu hakukataa. Alikunja mikono ya shati, akapewa kisu, akaparua. Alimparua ngege yule kwa namna ambayo samaki angeshtaki. Kisha akachovya mkono kwenye ndoo, akaupangusa kwa suruali, akaweka kidole. Kidole hakitambuliwi. Akaweka tena. Akaipangusa skrini kwa tai, na gamba lililokuwa kwenye tai likabaki juu yake. Ikampiga picha ya tundu la pua. Mara ya tano tableti ikajifunga, ikamwambia asubiri.

Mama Awuor akainama. "Sasa wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi najua ni wewe. Ambia yeye."

Alijipangusa uso, magamba yakabaki kwenye nyusi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akainama akafungua kamba za kiatu.

"Nisajili," akaniambia.

Kiatu kikatoka. Soksi ilikuwa na tundu, na dole lilikuwa limeshachungulia nje peke yake.

"Huyu hata hahitaji kuvua!" Mama Risper akapiga yowe, na hapo hakuna aliyebaki amesimama.

Ripoti mpya iliandikwa. Rekodi za miguu zikakubaliwa. Miezi michache baadaye tableti zilichukuliwa, na sasa akina mama wanatuma kilo zao kwa ujumbe wa kabambe, kwa dole gumba, bila kutazama, kama walivyokuwa wakifanya kila kitu kingine kabla hatujaja kuwasaidia. Rafu ya nne kutoka mlangoni ni ya Mama Awuor. Ameipaka rangi ya samawati.

Je, huo ulikuwa ushindi? Nimejiuliza mara nyingi. Mtu asilazimike kuvua gambuti ili mashine imwamini. Wala siwezi kuahidi kwamba kinachofuata kitakuwa na akili zaidi. Anayekichora bado hajafika bichi. Lakini nilijifunza kwamba mimi pia, na maswali yangu yote, nilikuwa nimekaa upande wa mashine, nikimwambia mama aoshe mikono. Sikulisahau hilo, na ndilo ninalowaachia.

Kwa nini ninaacha? Shingo, kwanza, miaka kumi na moja ya kuinama. Pili, nimechoka kufika baada ya kitu kuharibika. Ninaenda Ahero kulima mpunga na mama yangu. Nitaukausha vizuri, na wenye simu zilizolowa watapewa kipaumbele.

Ijumaa iliyopita mlinifanyia sherehe. Brayo alileta soda, Mama Awuor alileta mbuta ambaye hakutoshea mlangoni, na Mama Njoki akatoa boksi. Simu mpya kabisa, inayong'aa, ya bei ambayo nilimgombeza kwayo. Nikaiwasha mbele yenu wote. Ikaniomba kidole. Nikaweka.

Ikatetemeka.

Nikaweka tena. Nikaweka cha shahada, cha kati, vya mkono wa kushoto. Nikavigeuza kwenye mwanga. Thina, risasi ya moto, miaka kumi na moja. Laini kama migongo ya vijiko.

"Uliosha mikono vizuri?" Mama Awuor akauliza.

"Fundi mzima!" Brayo akasema. "Simu haimjui!"

Mama Njoki alinyoosha mguu, akakivuta kile kiti hadi mbele yangu, akakipangusa kwa kiganja.

"Injinia," akasema. "Kaa hapa. Nionyeshe."

Nikakaa. Nikafungua kamba za kiatu.

Ilikubali mara ya kwanza.